Maneno Matatu Niliyoongeza

Kakuma, Jumapili, saa kumi na moja jioni

Nakiru binti yangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakuona. Uko hatua kumi kutoka hapa, unamfundisha ata yako, mama ya baba yako, kupokea simu ya picha ili akuone ukiwa chuoni, naye anakuuliza kwa nini uso wake umewekwa kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Endeleeni kubishana. Nataka nimalize kuandika kabla jua halijazama, maana taa ya sola baba yako ameiweka kwenye sanduku lako bila kuniuliza.

Maagizo ya sabuni, chakula, marafiki na wavulana nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, nikaibandika ndani ya kifuniko cha hilo sanduku. Yako ishirini na mawili, yamepangwa kwa mada. Baba yako aliyasoma akasema hata lori lake la kwenda Lokichoggio halina masharti mengi hivyo. Usiyatafute humu. Humu kuna jambo moja tu, na mama mwenye ujasiri angekuambia kwa mdomo. Lakini unanijua: jambo lisipoandikwa, mimi naona kama halijatokea. Huo ndio ugonjwa wangu, na kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunafunga vitu, uliwacheka wazee wa kamati yetu ya laga. Ulisema, "Mathe, hawa walikuwa wanangoja maji yalete barua rasmi?" Sote tulicheka. Mimi chai ilinipalia, ukanigonga mgongoni. Kisha ukasema jambo ambalo limenikosesha raha tangu siku hiyo. Ulisema unakwenda Eldoret kusomea hali ya hewa ili urudi uwaeleze watu hawa kwa hesabu, kwa sababu shida yao ni kwamba hawakujua.

Walijua, Nakiru. Mimi nilijua kuliko wote.

Tangu kidato cha kwanza sijaruka siku hata moja katika daftari langu, isipokuwa siku uliyozaliwa, na hiyo niliijaza kesho yake. Kila siku naandika wageni, mbuzi, nani kafa, nani kaoa, na mwisho wa ukurasa naandika mbingu zilivyokuwa na laga, mto wetu mkavu, ilivyokuwa. Nilipokuwa msichana, mwisho wa ukurasa ulikuwa wa kuchosha: jua, jua, jua, mvua kidogo shule zilipofungwa, jua. Baadaye mvua ikaanza kuja kama yule shemeji asiyebisha hodi. Unakaa mwaka mzima huna habari naye, kisha anafika mchana mmoja na mizigo yote. Katika madaftari yale hutapata neno tabianchi. Utapata hivi: "Laga leo imefika kwenye mti wa tatu." Miaka michache mbele: "Laga imefika kwenye mti wa pili." Kisha: "Mti wa kwanza haupo."

Niliandika hayo kwa mwandiko mzuri, nikafunga daftari, nikaenda kupika.

Wenzako huko chuoni watakuuliza inakuwaje watu wajenge kando ya mto na kushangaa maji. Waambie laga si mto wanaoujua wao. Ni barabara ya mchanga. Siku nyingi za mwaka watoto wanachezea mpira humo na mbuzi wanalala humo. Na maji yanapokuja hayatoki juu ya kichwa chako. Mvua imenyesha mbali, kwenye milima ya upande wa Uganda, wewe hukuisikia wala hukuiona, na mbingu yako ni buluu tupu. Ukimwambia mtu mwenye kofia ya jua akimbie mafuriko, atakuangalia kama umepigwa na jua wewe. Kilichotendeka kwingine, jana, ndicho kinachokujia leo. Nadhani hiyo ndiyo hesabu ngumu kuliko zote watakazokufundisha, na sisi tulizaliwa ndani yake.

Basi mti wa kwanza ulipoondoka, tuliunda kamati. Tulikuwa nyumba kumi na mbili ukingoni, na chifu alikuwa ametuonyesha mwinuko huu wa mawe tuliopo sasa. Kiwanja kilikuwapo, bure, wazi. Kilichobaki kilikuwa kuhama tu. Tuliipa jina: Kamati ya Kuhamisha Makao Kutoka Ukingoni mwa Laga. Jina peke yake lilichukua mikutano miwili. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lokwang, jirani yetu mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Katibu nilikuwa mimi, kwa sababu ni karani wa shule na kwa sababu nilikuwa na kalamu.

Wazee walikuja kila mmoja na ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao wanachokalia mchana na kulalia kichwa usiku. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka la jirani yetu Wafula. Kivuli kikisogea, wazee wanainuka, wanasogeza vigoda, wanakaa tena. Katika miezi saba ya kujadili kuhama, huko ndiko kuhama pekee tulikofanya, na tulikufanya kwa ustadi mkubwa.

Ata yako alikuwa akipita na maji kichwani anasimama makusudi.

"Ejok, watu wa mkutano. Mmefika wapi?"

"Ejok, mama. Tunaendelea vizuri," Mzee Lokwang anajibu.

"Naona. Jana mlikuwa pale, leo mko hapa. Mkiendelea hivi mtafika juu wajukuu wangu wakiwa na mvi." Kisha ananigeukia mimi. "Mume wangu alikuwa akinusa upepo alfajiri, jua likichomoza punda wamebeba nyumba. Hatukuwa na katibu."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Sisi ndio watu wa kuhama. Ata yako alijifungua baba yako njiani, wakapumzika siku mbili, wakaendelea. Angeweza kuivunja nyumba na kuifunga juu ya punda wakati mimi bado natafuta kiatu cha pili. Lakini yeye alikuwa na ngozi, vibuyu na miti ya kukunja. Sisi tulikuwa na mabati, geti na kamati.

Hoja zilizotukwamisha zilikuwa nzuri, na wewe usizidharau. Swali la kwanza lilikuwa nani ataanza. Atakayehama kwanza atakaa huko juu peke yake na fisi. Basi tuhame wote siku moja. Siku gani? Hapo kila mtu aliangalia kigoda chake. Hoja ya pili ilikuwa ya Wafula, ambaye alikuja kutoka Bungoma na kufungua hadwea. Alisimama akasema, "Mimi sina kiwanda. Nina misumari. Moshi wangu wote ni wa chai. Wale walioiharibu hewa wako mbali na wana nyumba za ghorofa. Kwa nini mimi ndiye nibomoe?"

Wote tukapiga makofi, na mimi nikiwemo, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Ni kweli mpaka leo, na ukikutana na hao wa ghorofa huko mbele, uwaambie. Lakini uliona tulichofanya na ukweli wake? Tuliugeuza kuwa ekicholong. Tukaukalia.

Lazima nikueleze na ile semina ya Lodwar. Shirika moja lilitualika, mwenyekiti, Wafula na mimi, tukajifunze juu ya joto la dunia. Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi. Huko nje Lodwar ilikuwa inawaka hadi mbwa wanaruka kama wanacheza ngoma, na sisi ndani tulikuwa tunatetemeka. Mzee Lokwang alijifunika shuka lake hadi puani. Mimi niliazima sweta ya mpishi. Kijana mmoja mwenye tai aliwasha picha ukutani, mstari mwekundu unaopanda.

Mzee Lokwang akatoa mdomo nje ya shuka. "Huyu nyoka anapanda kwenda wapi?"

"Si nyoka, mzee. Ni joto. Linaongezeka."

"Naona. Atafika juu lini?"

"Tusipofanya kitu, wajukuu wenu wakiwa watu wazima mambo yatakuwa mabaya sana."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Wafula akaninong'oneza, "Kumbe! Nilidhani ni kabla ya lanchi."

Kijana yule hakutudanganya, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Lakini alitupa tarehe ya mbali na kuku wa karibu. Tulirudi Kakuma na kofia, kalamu na kitabu kikubwa cha picha. Kitabu kiliwekwa dirishani, mbuzi wa Mzee Lokwang akala kuanzia sura ya suluhisho.

Sasa nafika mahali ambapo mkono unataka kwenda kuangalia kama maharagwe yameiva. Hayajaiva. Naendelea.

Baada ya semina niliweka sakafu ya simiti. Unaikumbuka. Nilikuwa nimeitamani tangu nilipoolewa. Nilikuwa nimefagia vumbi miaka kumi na saba, na ukifagia vumbi chini yake unakuta vumbi. Baba yako alileta mifuko kwa lori, fundi akailaza, na mstari wetu wote wa nyumba ulikuja kuiangalia. Walivua viatu mlangoni. Nyandeng, yule mama wa Sudan Kusini aliyekuwa akipika kisra, mkate mwembamba wa kwao, kwenye kibanda cha mwisho, aliingia akatembea kwa ncha za vidole kama yuko kanisani. Kisha akasema, akiniita kwa Kiarabu chao, "Nzuri, ya Mama Nakiru. Lakini hii utaibebaje?"

Nilimwambia haibebwi, ndiyo uzuri wake.

Alicheka. "Mimi nimekimbia mara tatu. Nyumba yangu yote inaingia kwenye sinia." Nyandeng hakuwa mjumbe wa kamati, kwa vile alihesabiwa mtu wa kambi ya wakimbizi. Yeye kila mawingu yalipokaa juu ya milima alihamisha kibanda chake juu peke yake, bila mkutano, na yakiondoka anarudi. Sisi tulimwonea huruma.

Sakafu ilikuwa na umri wa siku nane kamati ilipokutana tena. Bado nilikuwa naimwagilia maji asubuhi na jioni isipasuke. Siku hiyo Mzee Lokwang hakukaa. Alisimama ameegemea fimbo, akasema maneno ambayo nimeyaweka kama yalivyo, kwa sababu usiku huo niliyaandika kwenye daftari langu mwenyewe:

"Nimeangalia ile miti. Mimi sijui kusoma, lakini kuhesabu miti najua. Mwezi huu ukifa, tunahama. Wote, siku moja. Tunaanza na duka la Wafula kwa sababu ndilo zito. Mwenye kubaki atabaki na samaki. Nani anakataa?"

Hakuna aliyekataa. Mikono kumi na miwili ilipanda. Wangu ulikuwa mmoja. Wafula alipanua mdomo, akaufunga, akainua mkono.

Unaona? Wale wazee uliowacheka waliamua. Ilichukua miezi saba, lakini waliamua.

Nilirudi nyumbani kunakili kumbukumbu kwa usafi kwenye kitabu cha kamati, kile cha jalada gumu. Nilikaa chini, juu ya simiti. Ilikuwa baridi, laini, na harufu yake mpya bado ilikuwapo. Niliandika waliohudhuria. Niliandika sala ya kufungua. Niliandika, "Mwenyekiti alieleza umuhimu wa kuhama." Kisha nikaongeza maneno matatu ambayo hakuna aliyeyasema: "Jambo lijadiliwe zaidi."

Kalamu haikutetemeka, Nakiru. Ningependa kukuambia ilitetemeka. Nilijiambia sikatai kuhama, naomba muda kidogo tu, simiti ikauke. Simiti ikauke! Kana kwamba ikikauka itakuwa nyepesi.

Mkutano uliofuata nilisimama nikasoma. Nilipofika kwenye yale maneno matatu nilishika kitabu kwa nguvu nikingoja mtu aruke. Mzee Lokwang aliinua uso.

"Ndivyo nilivyosema?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

Alifikiri. "Basi ndivyo."

Na nikasikia ile pumzi ya Lodwar. Wote waliishusha tena, taratibu, kumi na moja. Walikuwapo, walikuwa na masikio, waliinua mikono yao wenyewe. Hakuna aliyepinga. Wafula alipiga makofi. Kila mmoja alikuwa na sakafu yake mahali fulani, na alikuwa akimwomba Mungu atokee mtu wa kumwandikia maneno yale. Nimewaza sana juu ya hilo. Redioni nasikia mikutano mikubwa ya dunia, watu wenye suti, wanakutana mwaka hadi mwaka juu ya hili joto, na mwisho wanatoa karatasi ndefu. Watu wanasema huko kuna wabaya. Watakuwapo. Lakini mimi kila nikisikia zile karatasi naona pia mama mmoja mwenye mwandiko mzuri, amekaa juu ya simiti yake.

Maji yalikuja Jumanne, saa saba mchana, jua likiwa kali. Hayo unayajua, ila unayajua kwa upande wako. Ulikuwa kidato cha pili, shule zimefungwa. Mimi nilikuwa ofisini nikasikia mngurumo nikadhani ni malori. Nilipofika, mlikuwa mmeshatoka wote, ata yako amekaa juu ya jiwe na kuku kifuani. Nikauliza Nakiru yuko wapi. Ata yako akanyoosha kidole.

Ulikuwa umerudi ndani. Ulirudi kuchukua sanduku langu la bati lenye madaftari, kwa sababu siku zote nilikuwa nimesema nyumba ikiungua tuokoe hilo kwanza. Nilikuona mlangoni, maji kiunoni, sanduku kichwani, na ule mlango ukafuata maji na wewe ukaufuata mlango. Nyandeng alikuwa ameteremka kuchukua sinia alilosahau. Alikukamata mguu kama mtu anavyokamata mbuzi, na hukuliachia sanduku. Alipokuwa anakuvuta alikuwa anapiga kelele, "Ya Mama Nakiru! Mtoto wako anakufa kwa karatasi! Kwani karatasi inazaa?"

Ulitapika maji, ukaniambia, "Mathe, hayajalowa."

Hayakuwa yamelowa. Ndani yake, katika ukurasa wa siku ile ya mikono kumi na miwili, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Leo imeamuliwa tuhame mwezi ukifa. Simiti inaendelea vizuri." Katika daftari langu sijawahi kusema uongo. Uongo niliuweka kwenye kitabu cha watu. Uliingia majini kuokoa ushahidi dhidi ya mama yako, na nikakushukuru mbele za watu, nikakupikia kuku.

Mzee Lokwang alipoteza karibu mbuzi wote, wale waliokuwa wamelala mchangani. Jioni ile alikaa nikamsikia anamwambia Wafula, "Nilisema lijadiliwe zaidi. Mbuzi wangu nimewaua kwa kinywa changu." Nilikuwa nimesimama karibu kama ulivyo karibu na ata yako sasa hivi. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama angependa chai.

Tangu siku hiyo mzee yule hajatoa amri hata ya kufukuza kuku. Nawe unajua tulichofanya wengine. Maji yalipoondoka, kuta zetu hazikuwapo, lakini sakafu ilibaki pale, imeoshwa, inang'aa kama sahani. Tukajenga upya juu yake. Na majirani, walipoona katibu anajenga, wakajenga.

Mwezi uliopita ndipo ata yako alipotuaibisha. Jumatano asubuhi alikunja ngozi yake, akachukua kibuyu cha maziwa na mbuzi mmoja, akapanda huku juu akakaa chini ya turubai. Baba yako alimfuata mbio.

"Mama, rudi nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Ile ya huko chini ni ya kamati."

"Utakula nini?"

"Utaniletea."

Siku ya kwanza baba yako alipanda na uji mara tatu. Siku ya pili, mara tatu, akimwaga nusu kwenye mawe. Siku ya tatu alinigeukia akiwa na sufuria mkononi akasema, "Kuliko kubeba uji kila siku, heri nibebe nyumba mara moja." Siku ya nne aling'oa mabati. Ata alihama kwa sababu alinusa upepo, sisi tulihama kwa sababu ya uji, na jirani wa tatu alihama kwa sababu tayari tulikuwa wawili. Kwa majuma matatu nyumba kumi zimepanda. Fisi hajaonekana. Nadhani anaogopa kelele za ata yako na hiyo simu.

Lakini mbili zimebaki, na ndiyo sababu naandika. Ya Wafula na watoto wake wanne, na ya Mzee Lokwang. Wafula nilimfuata. Akasema, "Mama katibu, mimi ni mtu wa utaratibu. Duka ni zito, siwezi peke yangu, na kumbukumbu zinasema lijadiliwe zaidi. Leteni azimio, mikono yote ije kubeba, nitahama siku hiyo hiyo." Na Mzee Lokwang haleti azimio kwa sababu anaogopa kinywa chake. Amekaa huko chini, mbele ya mlango, anaangalia mahali mbuzi wake walipokuwa. Nadhani anangoja maji yamalize hesabu.

Mawingu yamekaa juu ya milima siku tatu sasa. Nimeandika.

Kwa hiyo nimeitisha mkutano kesho saa nne. Hautakuwa kwenye ukuta wa Wafula. Saa nne kivuli cha jabali hili kinaangukia huku juu, upande wetu, kwa hiyo nimewaomba walete vigoda vyao huku. Nitasimama nisome kumbukumbu zilizosahihishwa. Nitafungua kitabu cha kamati, nikate maneno yale matatu mbele yao, na chini yake niandike alichosema mzee. Nitawasomea daftari langu, pamoja na ile sentensi ya simiti. Halafu nitampa mzee fimbo yake na kumwomba aseme tena. Hayahitaji kujadiliwa. Azimio lilikwishapita, na tunaanza na duka la Wafula kwa sababu ndilo zito.

Sijui watanifanya nini. Wafula atataka kujua alikuwa anapigia makofi nini. Mzee anaweza kunyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Ata yako nilimwambia jana, wa kwanza kuambiwa. Akasema, "Nilijua mtu fulani aliandika kitu. Lokwang hajawahi kujadili." Kisha akasema kesho atakaa mbele, na nikianza kuongeza maneno atanirushia kiatu. Ameshaamua ni kiatu gani. Ni kile cha tairi.

Wewe hutakuwapo, na nimepanga iwe hivyo. Basi lako linatoka saa moja, na wakati nasimama utakuwa unaikaribia Lodwar. Ungenisikia nikisoma ungeona haya kwa niaba yangu, nami ningesoma haraka. Ndiyo maana juu ya bahasha nimeandika uifungue ukishafika Kalemng'orok, mbele ya Lodwar, mahali ambapo huwezi kushuka na kurudi. Ukikasirika, kasirika vizuri, una safari ndefu. Ulichukua sanduku lile kichwani ukidhani mama yako ni mtu anayeandika ukweli. Nataka ukirudi likizo iwe hivyo.

Na utakaporudi na hesabu zako, karibu. Tunazihitaji. Ila ukiwa unawaonyesha watu ule mstari mwekundu, na wote wanatikisa vichwa, na hakuna anayeinuka, usiwaulize kama wameelewa. Angalia wamekalia nini. Kisha uliza ni nani anaandika kumbukumbu, uombe kuzisoma kabla hazijakauka.

Jua limegusa mawe. Ata yako amefaulu kupokea simu, na sasa anakataa kuikata. Na huko chini namwona Mzee Lokwang anapanda polepole, ekicholong mkononi, mkutano ni kesho naye anakuja leo. Amesimama, amepumzika, anaendelea. Nadhani anataka kupata nafasi mapema kwenye kivuli. Naenda kumpokea kigoda chake kabla hajabadili nia, na maharagwe sasa yanaungua.

Mama yako,
na katibu hadi kesho saa nne asubuhi